Mmea wenye nguvu ni dawa, basi tuupime kama dawa

Maneno "huongeza umetaboli" yamezoeleka mno kwenye vikopo vya virutubisho vya mitishamba, hata hatuyaulizi tena maana yake. Anayekimbia alfajiri au kunyanyua vyuma jioni huyasoma akiwa na haja zake: kitambi kipungue, pumzi iongezeke, misuli ijae. Mimi pia ni mtu wa mazoezi, na mara nyingi nimeulizwa "hii inafaa?" na watu waliokwisha kununua. Jibu langu halijabadilika, na wengi hawalipendi. Mmea ama una nguvu ama hauna. Kama hauna, umepoteza fedha. Kama unayo, umemeza dawa, na dawa ina kipimo chake, ina madhara yake, na ina watu isiowafaa. Hakuna mlango wa tatu, ambako mmea huyeyusha mafuta kwa kasi huku ukiwa mpole kwa moyo, ini na figo kwa sababu tu uliota ardhini.

Tuanze na neno lenyewe, maana hapa Kiswahili chetu cha kila siku kinatuponza. Wengi husema umetaboli wakiwa na maana ya mmeng'enyo wa chakula. Mmeng'enyo ni kazi ya tumbo na utumbo, kukivunjavunja chakula mpaka kiweze kufyonzwa. Umetaboli ni kazi ya kila seli ya mwili, kukigeuza kilichofyonzwa kiwe nishati, joto, misuli au akiba ya mafuta. Kwa kuyachanganya haya mawili, chai inayompeleka mtu chooni mara tatu asubuhi hupewa sifa ya "kuamsha umetaboli" ilhali haijagusa hata seli moja ya mafuta. Sanamaki ndiyo mfano mkubwa. Mmea huu hufanya kazi kwenye utumbo mpana, na chakula kinapofika huko kalori zake karibu zote zimekwisha kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Mizani ikishuka kesho yake, kilichopungua ni maji na choo. Tena maji hayo hutoka pamoja na potasiamu, madini ambayo misuli na moyo huyahitaji ili vijikaze na kulegea kwa mpangilio. Anayekunywa sanamaki kila usiku kisha akakimbia kilomita kumi asubuhi anauendesha moyo wake ukiwa umepungukiwa na kitu unachokihitaji hasa wakati huo. Mtu huyo namwonea huruma kuliko yeyote, kwa sababu anajitahidi kweli, na anaumizwa na jitihada zake mwenyewe.

Umetaboli wenyewe ni mgumu kuusukuma. Mwili uliotulia, unaopumua tu, kusukuma damu na kutunza joto lake, hutumia takribani asilimia 60 hadi 70 ya nishati yote ya siku. Kushughulikia chakula huchukua kama asilimia 10. Kinachobaki ni mwendo wa aina zote, kuanzia kupanda ngazi hadi mazoezi rasmi. Kidonge cha "kuchoma mafuta ukiwa umelala" kinadai kuliongeza fungu la kwanza, na fungu hilo linaongozwa na tezi ya thairoidi, mfumo wa neva na wingi wa misuli aliyonayo mtu. Likisukumwa kwa nguvu, wa kwanza kupata habari ni moyo.

Chukua chai ya kijani, ambayo katika jamii yote hii ya "vichoma mafuta" ndiyo yenye ushahidi wa heshima zaidi. Mwaka 1999, Abdul Dulloo na wenzake walichapisha jaribio dogo la wanaume 10 waliopewa dondoo la chai ya kijani lenye kafeini na kemikali iitwayo EGCG. Matumizi yao ya nishati kwa saa 24 yaliongezeka kwa asilimia 4 kuliko walipopewa kidonge kitupu, na kafeini peke yake kwa kiasi kile kile haikuleta ongezeko hilo. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba EGCG huzuia kimeng'enya kinachovunja noradrenalini, homoni ya kuuamsha mwili, hivyo ishara ya mwili ya kuchoma nishati hudumu kidogo zaidi. Ni ugunduzi halali na wa kuvutia. Lakini hebu tuufanyie hesabu. Kwa mtu anayetumia kalori 2,000 kwa siku, asilimia 4 ni kalori 80, kitu ambacho matembezi ya dakika ishirini hadi nusu saa hukitimiza. Na hata hizo 80 hazionekani kubaki watu wanapofuatiliwa kwa wiki nyingi. Mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha tafiti za tiba, yalipojumlisha majaribio yaliyofanyika nje ya Japani, tofauti ya uzito kati ya waliotumia chai ya kijani na wasiotumia ilikuwa kilo 0.04. Gramu arobaini. Mtu akinywa glasi moja ya maji, amekwisha kuipita tofauti hiyo.

Tatizo ni lile linalofanywa baada ya kuona kwamba matokeo ni madogo. Dozi hupandishwa. Vikombe vya chai hugeuzwa kuwa unga mkavu ndani ya kapsuli, na mtu anameza kwa mkupuo mmoja kile ambacho angekinywa taratibu kutwa nzima, pengine akiwa na njaa, hali ambayo huzidisha kufyonzwa kwake. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilihitimisha kwamba miligramu 800 za EGCG kwa siku au zaidi, zikitoka kwenye virutubisho, zinahusishwa na kupanda kwa vimeng'enya vya ini kwenye damu, dalili kwamba ini linaumia. Watafiti nchini Marekani wamegundua pia kwamba wengi wa walioumia ini kwa dondoo hili wana alama moja ya kurithi, HLA-B*35:01, na alama hiyo hiyo imeonekana kwa walioumizwa ini na vidonge vya manjano. Aliyenayo hajijui. Rafiki yake aliyemshauri "mimi natumia mwaka wa pili sasa, sina shida" anasema kweli kabisa, na ukweli wake haumsaidii mwenzake chochote.

Garsinia nitaipitia haraka. Maabara ilionyesha kwamba asidi iliyomo kwenye ganda la tunda lake huzuia kimeng'enya kinachotumika kutengeneza mafuta mwilini, na hapo biashara ikashika kasi. Mwaka 1998, Steven Heymsfield na wenzake waliwapima watu 135 kwa wiki 12. Waliotumia garsinia walipungua kilo 3.2 kwa wastani. Waliotumia kidonge kitupu walipungua kilo 4.1. Ilikuwa tofauti isiyo na uzito kitakwimu, na mpaka leo vikopo vinauzwa.

Efedra, au ma huang ya tiba ya jadi ya China, ndiyo inayostahili kutuketisha chini, kwa kuwa yenyewe ilifanya kazi. Mapitio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2003 yaliona kwamba efedra na efedrini ziliwapunguza watu takribani kilo 0.9 kwa mwezi zaidi ya kidonge kitupu, angalau kwa muda mfupi. Ila mapitio hayo hayo yaliona kwamba uwezekano wa kupata wasiwasi wa akili, matatizo ya tumbo au mapigo ya moyo ya kwenda mbio uliongezeka kwa kati ya mara 2.2 na 3.6. Mwezi Februari mwaka ule ule, Steve Bechler, mchezaji wa besiboli wa Baltimore Orioles mwenye umri wa miaka 23, alianguka mazoezini Florida na kufariki kwa kiharusi cha joto. Mchunguzi wa kifo aliitaja efedra miongoni mwa vilivyochangia. Mwaka 2004 Marekani ikapiga marufuku virutubisho vyenye efedrini.

Fikiria mantiki ya mwili katika kisa hicho. Mazoezi huzalisha joto. Mwili hujipoza kwa kupeleka damu kwenye ngozi na kutoa jasho. Efedrini huongeza uzalishaji wa joto, huharakisha moyo, na wakati huo huo hubana mishipa, ile ile ambayo ilipaswa kufunguka ili joto litoke. Kwa hiyo sifa iliyokuwa ikitangazwa, kuongeza umetaboli, ndiyo iliyokuwa hatari yenyewe. Huwezi kuuchuja uzuri wake ukaacha ubaya, kwa maana vyote viwili ni tendo moja. Baada ya marufuku, watengenezaji walihamia kwenye danzi, tunda chungu jamii ya chungwa lenye sinefrini, kemikali ya ukoo wa karibu na efedrini ingawa ni dhaifu kuliko hiyo. Mara nyingi huchanganywa na kafeini nyingi. Mimi siigusi, na simshauri yeyote mwenye shinikizo la juu la damu aiguse.

Mpaka hapa nimesema juu ya uzito. Kwa wanaotafuta uwezo wa mazoezi habari ni nzuri zaidi kidogo, na napenda kuzitoa kwa haki. Taarifa ya pamoja ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ya mwaka 2018 ilitaja vitu vichache mno vyenye ushahidi mzuri wa kuongeza uwezo wa mwanamichezo moja kwa moja: kafeini, kreatini, nitreti, beta-alanini na magadi ya sodiamu bikaboneti. Kati ya vitano hivyo, viwili tunavipata kwa urahisi kwenye mimea. Mizizi maarufu, jinsengi na wenziwe, haimo.

Kafeini hukalia vipokezi vya adenosini kwenye ubongo, vile vinavyopokea taarifa ya uchovu, na mtu huhisi kazi ile ile kuwa nyepesi. Kipimo kilichozoeleka katika tafiti ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, saa moja hivi kabla ya zoezi. Ila nusu yake hubaki mwilini kwa takribani saa tano, kwa baadhi ya watu zaidi sana. Anayeimeza saa kumi na mbili jioni ili anyanyue vyuma vizuri anakopa kwenye usingizi, na misuli hujengwa usingizini.

Nitreti ya bitiruti ndiyo inayonifurahisha zaidi, kwa sababu safari yake ni ya ajabu. Ukiinywa juisi yake, nitreti hufyonzwa, huzunguka kwenye damu, kisha tezi za mate huichukua na kuirudisha mdomoni. Huko bakteria wanaokaa nyuma ya ulimi huigeuza kuwa nitraiti, unaimeza tena, na mwilini inakuwa oksidi ya nitriki, ambayo hulegeza mishipa ya damu na kuifanya misuli itumie oksijeni kidogo kwa kazi ile ile. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter waliwapa wanaume 8 nusu lita ya juisi hiyo kila siku kwa siku sita, na muda wao wa kuhimili zoezi kali mpaka kuchoka kabisa uliongezeka kwa asilimia 16. Kipimo cha namna hiyo hukuza mambo. Kwenye mbio halisi faida huwa kama asilimia moja hadi tatu, na kwa wanariadha wa daraja la juu hupungua au kupotea. Na ukisukutua mdomo kwa dawa ya kuua vijidudu, umewaua wale bakteria, na safari nzima imekatika njiani. Huu ni ushahidi wa namna ninayoitaka: tunajua kitu gani, kiasi gani, kinapita wapi, na kinamfaa nani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Virutubisho vingi vya mimea husifiwa kwa kuwa na antioksidanti, na hoja yake inaonekana haina doa: mazoezi huzalisha kemikali kali za oksijeni, kemikali hizo huchubua seli, basi meza kitu cha kuzizima upone haraka. Mwaka 2013, watafiti wa Copenhagen waliijaribu hoja hii kwa resveratroli, kemikali ya ganda la zabibu nyekundu. Wanaume 27 wenye umri wa miaka 65 hivi, wazima wa afya lakini wasiozoea mazoezi, walifanya mazoezi makali kwa wiki nane. Nusu yao walimeza miligramu 250 za resveratroli kila siku, nusu kidonge kitupu. Wote walitoka jasho lile lile. Waliomeza kidonge kitupu waliongeza uwezo wa kutumia oksijeni kwa asilimia 45 zaidi ya wenzao, shinikizo lao la damu lilishuka, mafuta mabaya kwenye damu yakapungua. Kwa waliomeza resveratroli, faida hizo za damu na shinikizo hazikuonekana.

Niliposoma utafiti huo mara ya kwanza nilirudia ukurasa wa matokeo, nikidhani nimeyageuza makundi. Wazee wale walifanya kazi ngumu kwa miezi miwili, na kidonge cha mmea kiliwanyang'anya sehemu ya malipo yao. Miaka minne kabla yake, kundi la Michael Ristow lilikuwa limeona jambo la jamii hiyo kwa vijana waliopewa vitamini C na E kwa wingi: mazoezi yaliboresha mwitikio wao kwa insulini pale tu ambapo hawakumeza vitamini hizo.

Sababu yake wahenga waliikaribia waliposema dawa ya moto ni moto. Zile kemikali kali zinazotoka kwenye misuli wakati wa zoezi ni taarifa pia. Zinaiambia seli kwamba mzigo umezidi uwezo, na seli hujibu kwa kujenga mitokondria zaidi, yaani vinu vyake vya nishati, kuzalisha vimeng'enya vyake yenyewe vya kujilinda, na kupokea sukari vizuri zaidi. Ukizima taarifa kabla haijasomwa, seli haina sababu ya kujijenga. Ule uchovu na yale maumivu ya kesho yake, ambayo tunakimbilia kuyafuta kwa dondoo la hiki na kile, ni sehemu ya mazungumzo kati ya zoezi na mwili. Siwakatazi watu matunda na mboga, ambavyo huja na kiasi cha kawaida cha kemikali hizi. Nasemea dozi ya kapsuli, inayomezwa kila siku, sambamba na mazoezi, na mtu anayetaka kubadilika.

Ashwagandha, mzizi wa tiba ya jadi ya India, nimeiweka kando kwa makusudi, kwani siwezi kuitupa wala kuipigia debe. Jaribio moja la mwaka 2015 lililowahusisha wanaume 57 lilionyesha kwamba waliomeza miligramu 600 kwa siku waliongeza kilo 46 kwenye kusukuma chuma kifuani kwa wiki nane, dhidi ya kilo 26 za wenzao. Ni tofauti kubwa mno kwa mzizi, na ukubwa huo ndio unaonitia shaka mpaka nione majaribio mapana zaidi. Upande wa pili kuna visa vilivyoripotiwa vya kuumia ini, na uwezo wa kupandisha homoni za thairoidi, jambo la hatari kwa mwenye tezi inayofanya kazi kupita kiasi. Denmark iliupiga marufuku mwaka 2023.

Hasira yangu, kama ipo, haielekei kwa mimea. Mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo ya metformini kwa wagonjwa wa kisukari, dawa iliyoanzia kwenye kemikali ya galegini ya mmea uitwao Galega officinalis. Galegini yenyewe ilikwisha kujaribiwa kwa wagonjwa miaka ya 1920 na kuachwa kwa sumu yake. Wanakemia waliitazama, wakatengeneza jamaa zake walio salama zaidi, wakapima dozi, na leo dawa hiyo inashusha sukari kwa mamilioni ya watu. Hiyo ndiyo heshima ninayoitakia mimea. Berberini, kemikali ya mimea inayotamba sasa kama kidonge cha asili cha kupunguza uzito, inastahili heshima hiyo hiyo. Jaribio dogo la mwaka 2008 liliona kwamba ilishusha sukari kwa wagonjwa wapya wa kisukari karibu sawa na metformini. Kwa uzito matokeo yake ni madogo. Na kwa kuwa ina nguvu, huingilia jinsi ini linavyovunja dawa nyingine, na haifai kwa mjamzito wala mtoto mchanga.

Kile tunachofanyiwa ni kinyume cha heshima hiyo. Mapema miaka ya 1990, kliniki moja ya kupunguza uzito mjini Brussels iliwapa wanawake vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mmoja ulipaswa kuwa Stephania tetrandra. Kwa kufanana kwa majina ya Kichina, mahali pake ukaingia Aristolochia fangchi, wenye asidi inayoua figo. Zaidi ya wanawake mia moja waliharibika figo. Mwaka 2000 madaktari waliripoti kwamba kati ya wagonjwa 39 waliokubali kutolewa figo hizo zilizokufa, 18 walikutwa na saratani ya njia ya mkojo. Wote hao walikuwa wanataka kupungua kilo chache tu.

Na hapo angalau kilichoingia kilikuwa mmea. Kati ya mwaka 2007 na 2016, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitambua virutubisho 776 vilivyotiwa dawa za viwandani kwa siri, na takribani asilimia 41 vilikuwa vya kupunguza uzito. Kilichokutwa humo mara nyingi zaidi ni sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni mwaka 2010 kwa kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1994 haimtaki mtengenezaji athibitishe kwamba kirutubisho chake kinafanya kazi kabla ya kukiuza. Kwa hiyo ukiona kidonge cha mitishamba kimekukata njaa ndani ya siku mbili na moyo unadunda, usiusifu mmea. Mwanamichezo anayepimwa ana mzigo wa ziada: kanuni za kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni humwajibisha yeye kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, hata kama kopo halikukitaja.

Anayeamua kutumia, atumie mmea mmoja kwa wakati, aliosoma jina lake la kisayansi na miligramu zake. Mchanganyiko usiotaja kiasi cha kila kimoja aurudishe alikoutoa. Asianze wiki ile ile aliyoanza programu mpya ya mazoezi, maana hatajua kipi kilimsaidia na kipi kilimdhuru. Mkojo ukiwa na rangi ya chai nzito, macho yakaanza kuwa manjano, au ngozi ikawasha bila upele, aache siku hiyo hiyo na kwenda hospitali. Na kopo lenyewe alibebe, amwekee daktari mezani, kwani madaktari wengi huuliza "unatumia dawa gani?" na mgonjwa hujibu kwa dhati kabisa kwamba hatumii dawa yoyote.